Kozi ya sheria ya wikendi hapa Lamu, mwalimu wetu hakimu, na habari ya ile bahasha

Watu wameniuliza sana kuhusu hii kozi manake wikendi tatu mfululizo waliniona napita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, asubuhi asubuhi na faili la kijani kwapani, kwa hivyo bora niandike mara moja. Nilipoanza nilidhani nitaeleza chai na noti na bei nimalize, lakini siku ya mwisho kulitokea jambo ambalo mpaka leo liko moyoni na ndilo litakalochukua nafasi kubwa hapa. Jina la waandaaji silitaji. Niliyo nayo nimewaambia wenyewe uso kwa uso.

Kozi ni ya sheria kwa watu wa kawaida, si mawakili. Ardhi, ndoa, mirathi, na namna ya kutayarisha karatasi za mahakamani. Jumamosi na Jumapili, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, shilingi 6,500 kwa zote, chai na chakula ndani yake. Mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi si mbali na Mkunguni, na kila siku ya Mungu naletewa mambo ya watu: baba kafariki hakuacha wasia, nyumba ya Mkomani ina warithi kumi na wanne mmoja yuko Muscat mwengine hajulikani aliko, shamba la kule Hindi, upande wa bara wa Lamu, lina taito mbili. Mimi nachapa kama nilivyoambiwa. Nikikosea mstari mmoja yule mtu anarudishwa, inabidi apande boti tena kutoka Mokowe, siku imeenda na nauli imeenda. Hiyo ndiyo sababu nilitoa hizo pesa, na kwa kazi yangu 6,500 si pesa ya mchezo.

Mahali ni pazuri. Ghorofa ya juu ya nyumba ya kizamani, kuta zile nene za matumbawe, boriti za mikoko, madirisha yanaangalia baharini na upepo wa kusi unaingia wenyewe hata ile feni iliyokufa hatukuikumbuka. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, Jumapili ya pili samaki hakutosha wa nyuma wakala mchuzi. Projekta ilizimika kila stima ilipopotea. Noti za masomo ndizo zilizoniuma, manake ni kazi yangu ile: kopi zimetolewa kwa mashine iliyoisha wino, kuanzia ukurasa wa 17 mpaka 22 huoni kitu isipokuwa kivuli, na hizo ndizo kurasa za mirathi ambazo nusu ya darasa walikuja kwa ajili yake. Niliwaambia niletewe nizitoe upya kwa bei ya karatasi tu, wakasema watanipigia. Hawakupiga.

Sasa mwalimu. Mwalimu ni hakimu aliyeko kazini, si wa hapa kwetu, kituo chake kiko bara mbali sana, alikuja wakati wa likizo yake. Na tangazo walilobandika mjini na kulituma kwenye makundi ya WhatsApp lilikuwa ni picha yake kubwa na maandishi FUNDISHWA NA HAKIMU MWENYEWE, chini yake ndio kwa herufi ndogo wameandika masomo gani.

Niseme kweli, tangazo lile nusura linizuie. Miaka miwili nyuma nilienda semina ya siku moja Malindi, ya ardhi, na mmoja wa waliofundisha alikuwa mtu anayekaa kitini kuamua kesi. Chakula cha mchana siku ile kilidhaminiwa na watu wa kampuni ya kuuza viwanja, bango lao lilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimekaa na mzee mmoja ana kesi ya shamba ya miaka mingi, mtu mpole, alikuja na taarifa zake zote kwenye mfuko wa plastiki kazikunja vizuri. Ilipofika saa ya kula akamwona mwalimu amekaa meza moja na wale wadhamini, wanacheka, wanapakuliana wali. Yule mzee aliweka kijiko chini. Hakusema neno baya, aliniuliza tu, "Mwanangu, mimi kesi yangu ikifika kwa huyu nitasikizwa?" Sikuwa na la kumjibu. Mimi sisemi kulikuwa na lolote pale mezani, huenda walikuwa wanazungumza mpira. Lakini mzee aliondoka kabla ya kipindi cha mchana na mfuko wake na najua moyoni mwake hukumu yoyote itakayokuja dhidi yake ataikumbuka ile sahani ya wali.

Kwa hivyo Jumamosi ya kwanza nilikaa nikiwa na wasiwasi. Hakimu akaingia, kavaa shati la mikono mifupi, hakujitambulisha kwa vyeo. Akachukua kalamu akaandika ubaoni maneno matatu, moja chini ya jingine: RUHUSA. KESI. PESA. Akasema kabla sijawafundisha chochote nina haki ya kuwaambia haya na nyinyi mna haki ya kuyajua.

Ruhusa: ana barua kutoka kwa wakubwa wake kwamba wanajua yuko hapa, ni siku zake za likizo, na hakuna kesi hata moja iliyoahirishwa ili yeye aje Lamu. Kesi: hatajibu swali lolote linalohusu kesi iliyoko mahakamani, iwe yako au ya jirani, na kama kuna mtu ana shauri kwenye kituo chake basi aje amwambie pembeni sasa hivi, na akikutana nalo huko mbele atajitoa kwenye kesi hiyo. Pesa: halipwi ujira, amepewa nauli, chumba cha kulala na chakula, basi. Kisha akanyamaza akatuangalia. Tuko watu 31 na hakuna aliyekohoa, unasikia boti tu huko chini inawashwa. Yale maneno matatu aliyaacha ubaoni siku nzima, akafuta sehemu nyingine akaandika lakini pale hakugusa.

Kufundisha, mashaallah. Nimesoma shule na nimeenda semina nyingi, sijapata kufundishwa namna ile. Alinionyesha kwamba ile hati ya kiapo ninayochapa kila siku ni karatasi tu mpaka mwenyewe aapishwe mbele ya kamishna wa viapo, na kwamba mtu lazima atenganishe aliloliona kwa macho na alilosikia, na kama amesikia aseme kasikia kwa nani. Miaka yote hii mimi nachanganya nachapa "najua kwamba" kila mahali! Akaeleza taito ya ardhi ni ushahidi mkubwa wa umiliki lakini si ngome isiyovunjika, ikithibitika ilipatikana kwa udanganyifu au kinyume cha sheria inaweza kufutwa. Akaeleza mahakama ya kadhi chini ya kifungu cha 170 cha Katiba, kwamba inashughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kufika mbele yake. Hiyo ya kukubali wengi hatukuijua.

Jumapili ya kwanza ndipo mama mmoja wa Langoni alipojaribu. Akasimama akaanza, "Mheshimiwa, mimi nyumba ya marehemu babangu, huyu ndugu yangu wa baba mmoja amekwenda..." Hakimu akainua mkono taratibu, akasema, "Mama, samahani sana, hapo nikusimamishe." Kisha akageukia darasa: haya tuseme kuna mtu anaitwa Fulani na nduguye Fulani, nyumba iko mji mwengine kabisa, na akafundisha pale pale sheria yote ya jambo lile bila kugusa la mama. Mimi niliona kafanya vizuri sana. Lakini wakati wa chakula mama alikaa kando yangu na uso umemvimba, akaniambia, "Nimelipa elfu sita na mia tano hakimu akatae kunisikiza?"

Na hapo ndipo mimi nilianza kuelewa. Mama hakuwa mjinga. Mama alisoma tangazo. Tangazo halikumwambia njoo ujifunze mirathi, lilimwambia njoo ukutane na hakimu, na yeye akaenda akatafuta pesa kwa hilo. Yule hakimu alikuja kufundisha lakini waandaaji waliuza kiti chake, na mwenye kiti akawa ndiye anayebeba aibu ya kumkatalia mteja kitu ambacho hakikuwa cha kuuzwa tangu mwanzo.

Sasa siku ya mwisho. Tumeshakula, vyeti vimepangwa mezani, kijana wa waandaaji akaanza kupita safu kwa safu na bahasha ya kaki. "Asante ya Mheshimiwa, mia tano tano." Hatukuwa tumeambiwa. Hakimu yuko nje barazani anaongea na simu. Watu wakaanza kutoa, mmoja akatoa, wa pili akatoa, ikifika kwako unafanya nini? Mimi nilitoa 500. Nilitoa kwa sababu wa kulia katoa na wa kushoto katoa. Na yule mama wa Langoni nilimwona kwa macho yangu akifungua fundo la leso, akatoa noti mbili za elfu elfu, amezikunja mara nne mpaka zimekuwa ndogo kama kipande cha halua, akazisukuma ndani ya bahasha kwa kidole gumba, na alipomaliza akainua uso akaangalia mlangoni kule hakimu aliko.

Ule mtazamo siusahau. Mimi sijui kama mama alikuwa anatoa asante.

Hakimu akarudi, mwandaaji mkuu akatoa hotuba ndefu, akainua bahasha. Pamoja na bahasha kuna jahazi dogo la mbao lililochongwa, kazi nzuri ya fundi wetu. Hakimu akaweka mikono yote miwili nyuma. Kweli kabisa, alifunga mikono nyuma kama mtoto madrasani, akasema, "Hii mimi siwezi. Nilisema siku ya kwanza. Naomba irudishwe kwa wenyewe." Kuhusu jahazi akasema Katiba iko wazi, zawadi anayopewa mtu wa cheo chake kwenye hafla ya umma au ya kikazi ni ya Jamhuri si yake, akiichukua ni lazima akaikabidhi, kwa hivyo afadhali ibaki hapa hapa kwa watoto wa chuo cha chini waangalie. Nilikuja kusoma baadaye, ni kifungu cha 76. Jahazi likawekwa dirishani, naamini liko pale mpaka sasa.

Ukumbi ukawa mzito. Waliotoa wanaona haya, wasiotoa wanaona haya, mwandaaji ndio hajui aweke wapi mkono wenye bahasha. Ndipo ami mmoja aliyekaa nyuma, mwalimu wa madrasa, akaomba aseme neno. Akatukumbusha ile hadithi ya mtoza zaka, Ibn Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, na aliporudi akagawa mali mafungu mawili, haya yenu na haya nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda mimbari akasema kwa nini huyu asikae nyumbani kwa babake au mamake akaona kama angeletewa zawadi. Ami akaongeza, "Bahasha hii ilikuwa inakwenda kwa kiti, haikuwa inakwenda kwa mtu." Akakaa. Hakimu alimwangalia kwa heshima kubwa, akamwambia, "Shukran, mwalimu wangu."

Sasa lawama yangu kwa waandaaji, na hii ndiyo iliyowapunguzia nyota kwangu kuliko noti na samaki. Walichukua pesa bila orodha. Kurudisha ikawa shida, mpaka Jumatatu jioni ndio 500 yangu imeingia kwenye M-Pesa, na mama wa Langoni alikuja dukani kwangu Jumanne kalipwa elfu moja tu, wanamwambia kila mtu alitoa mia tano na yeye wamemzidishia. Nikamsaidia kuandika ujumbe, nikajiweka shahidi kwamba niliziona noti zote mbili. Elfu ya pili ililetwa Jumatano kwa mkono. Mtu mzima wa miaka ile kufuatilia pesa yake siku tatu kwa jambo ambalo halikupasa kuanza.

Baada ya hapo nikakaa nikasoma, manake nilitaka kujua je yule hakimu alikuwa mkali kupita kiasi au ndiyo sheria. Dukani intaneti ninayo, usiku wateja hakuna.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 77, inasema afisa wa serikali anayefanya kazi kwa muda wote hatashiriki kazi nyingine yoyote ya kumletea mapato, na majaji na mahakimu wamo kwenye orodha ya maafisa hao. Ukiishia hapo utasema kufundisha kwa malipo ni marufuku, kwisha. Lakini Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, kifungu cha 26, ilipokuja kueleza hiyo kazi ya mapato ni ipi ikasema ni ile ambayo kwa asili yake haipatani na majukumu ya ofisi, au inaharibu uamuzi wa afisa, au inaleta mgongano wa maslahi. Unaona sasa? Mlango uliofungwa na Katiba, sheria imekuja ikauacha wazi kidogo. Mmoja atasema kufundisha chuo kikuu hakupingani na ujaji, kunausaidia. Mwengine atasema kazi ni kazi na pesa ni pesa. Na zile Kanuni za Bangalore za mwenendo wa majaji, za 2002, ambazo nchi nyingi zimejengea kanuni zao, zinasema jaji anaweza kuandika, kutoa mihadhara na kufundisha mambo ya sheria, ilimradi kazi ya ujaji itangulie na isiathirike. Kwa hivyo kufundisha si dhambi. Swali lote limebaki kwenye pesa: ngapi, kutoka kwa nani, na nani anajua.

Marekani wameweka nambari. Jaji wa mahakama zao za shirikisho anaruhusiwa kufundisha akalipwa, lakini aombe idhini kwanza, na sheria ya 1989 ikaweka kikomo cha mapato ya nje, asilimia 15 ya mshahara wa ngazi fulani serikalini, ambayo miaka hii ni zaidi kidogo ya dola 30,000 kwa mwaka. Kwa pesa zetu ni karibu milioni nne. Malipo ya kutoa hotuba wamekatazwa kabisa, ya darasani ndiyo yanapita. Nilidhani hapo wamemaliza shida, kumbe la. Mwaka 2023 magazeti yao yakaandika jinsi chuo cha sheria cha George Mason kilivyokuwa kinawapeleka majaji wa Mahakama ya Juu kufundisha Ulaya wakati wa kiangazi, Kavanaugh Uingereza 2019, Gorsuch Iceland 2021, wiki chache tu na malipo yanakaribia kile kikomo. Hakuna sheria iliyovunjwa, pesa iko ndani ya nambari, na bado wananchi wao wakauliza. Mahakama ile ilikuja kutoa kanuni zake za maadili kwa maandishi Novemba 2023, mara ya kwanza.

Lakini kisa kilichonishika mimi ni cha zamani zaidi. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alimpendekeza Abe Fortas, aliyekuwa tayari jaji wa Mahakama ya Juu, awe Jaji Mkuu. Wakati wa kumhoji ikajulikana alilipwa dola 15,000 kwa kufundisha semina American University, na zile pesa chuo hakikuzitoa mfukoni mwake, aliyezichangisha kwa wafanyabiashara ni mwenzake Fortas wa zamani kwenye ofisi ya mawakili. Jina lake likaondolewa Oktoba mwaka huo, na Mei 1969 akaacha na ujaji wenyewe kwa jambo jengine la pesa za nje. Nilisoma pale nikaiona ile bahasha ya kaki ikipita safu kwa safu. Ni kitu kile kile, tofauti ni kiasi na nchi. Mwalimu hapokei kutoka shule, anapokea kutoka mifuko ya watu ambao kesho wanaweza kusimama mbele yake.

Sisi watu wa Lamu hili tunalijua kwa uchungu wetu. Wavuvi wetu walifungua kesi ya bandari ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa serikali hapa Lamu, mwaka 2012 na Mahakama Kuu ikaamua 2018, fidia shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi zaidi ya elfu nne. Miaka sita watu wanangoja. Hebu fikiria, na hili halikutokea nasema fikiria tu, lau katikati ya miaka ile wangesikia jaji wao amelipwa kufundisha kozi na upande wowote wa ile kesi. Hukumu ingekuwa ile ile, ya haki ile ile, na pangekuwa na watu barazani hapa mpaka leo wanasema ilinunuliwa.

Kuna rafiki yangu tulibishana, yeye anasema ukiwabana hivi majaji wataacha kufundisha na sisi wa visiwani mawakili tunao wa kuhesabu, tutajifunza kwa nani? Ana hoja, sikatai. Na kwetu hapa mwamuzi kuwa mwalimu si jambo geni. Sheikh Al-Amin Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1947 na alikuwa mwalimu wa watu, Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliyeshika kiti hicho kuanzia 1968 ndiye huyo aliyetutafsiria Qurani kwa Kiswahili. Darsa zinasomeshwa misikitini kwetu baada ya alasiri tangu zamani na mlango uko wazi, aliye na kesi na asiye na kesi wamekaa jamvi moja, hakuna aliyenunua nafasi ya mbele. Kwa hivyo mimi sitaki wasifundishe. Mimi nataka hata wakilipwa, walipwe na chuo kinachojulikana, kwa kiwango kile kile anacholipwa mwalimu mwengine wa somo hilo, idhini iwe imeandikwa na kiasi kiwe kinasomeka kwa anayetaka kusoma. Na kama waandaaji wanataka mtu wa kumlipa vizuri bila mashaka, majaji wetu wanastaafu wakifika miaka 70 na wapo wenye elimu tele wamekaa majumbani, waiteni hao.

Kwa hivyo nawapa nini? Kwa mwalimu na alichofundisha natoa nyota tano na ningekuwa na ya sita ningetoa. Mahali nne. Noti moja, na hiyo moja ni ya kurasa 16 za kwanza. Waandaaji mbili, na si kwa ubaya, naona ni vijana wanaojituma na walidhani wanafanya adabu, kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, lakini hakimu si mgeni wa namna hiyo. Jumla weka tatu na nusu. Ukiniuliza uende, nakwambia nenda, kaa upande wa madirisha, beba daftari lako mwenyewe la kuandikia, na ukiona bahasha inapita iache ipite.

Kozi inayofuata wanasema itakuwa baada ya Maulidi. Dada yangu nishamwandikisha. Niliwaomba mambo mawili, wayaandike yale maneno matatu ya ubaoni kwenye tangazo lenyewe, na picha waiweke ya jengo au ya vitabu badala ya hakimu. Wakaniletea tangazo jipya dukani nilichape. Ruhusa, kesi, pesa, yote yameandikwa, na wameandika pia kwamba hakuna mchango wowote siku ya mwisho. Picha ni ile ile. Nimewaambia sichapi mpaka waibadilishe, na mpaka naandika hivi liko hapa kwenye kompyuta linangoja.